Gitaa la Mikono Mitupu

Mume wangu anapiga gitaa vizuri sana. Tatizo ni moja tu: gitaa lenyewe halipo.

Hana gitaa, hajawahi kuwa nalo, na ukimpa la kweli atalishika kama mwanamume aliyeachiwa mtoto mchanga wa jirani. Anachokipiga ni hewa. Mkono wa kushoto unapanda na kushuka mbele ya bega, wa kulia unakwaruza karibu na kitovu, macho yamefumbwa, na mdomo unatoa ile sauti ambayo nimeishi nayo miaka kumi na moja: ti-li-ti-li-ling', ti-li-ti-li-ling'. Anapiga akiamka. Anapiga wakati sombe, mboga ya majani ya mihogo, inapoa sahanini. Anapiga dukani, mteja amesimama na kitambaa cha kikwembe begani anasubiri kuambiwa bei. Siku niliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa pili, alikaa kando ya kitanda akanishika mkono, nami nikaguswa moyo, mpaka nilipogundua kwamba vidole vyake vinatembea juu ya mkono wangu vikitafuta nota. Nilimfukuza.

Hapa mjini Kasongo mchezo huu tunauita plebaki. Wimbo unawekwa kwenye bafle, spika kubwa, mshindani anasimama mbele ya watu, anajifanya ndiye anayeuimba au kuupiga. Wengine wanachagua ngoma, wengine besi. Mume wangu hupiga solo peke yake, lile gitaa jembamba linalochukua nafasi wimbo ukifika kwenye sebene, pale maneno yanapokwisha na watu wanapoinuka kucheza. Sheria ya uwanja wetu ni kwamba hakuna kushika kitu. Si ubao, si ufagio, si fimbo. Mikono mitupu, na jiri, yaani waamuzi, wanakaa mezani wakiangalia vidole kama vinafuata kila nota. Kidole kikichelewa wanakata pointi. Vijana wa miaka kumi na minane wanafanya hivyo na inapendeza. Mume wangu ana mvi ndevuni na duka la vikwembe sokoni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Wanafunzi wangu wanamwiga wakati wa mapumziko wakidhani siwaoni.

Sasa nieleze habari ya mama yangu, maana bila yeye haya yote yangeishia Kasongo. Mama anaishi Kabambare, nilikozaliwa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawali chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini ampishe mwenzake. Ni heshima, wala si ugomvi. Lakini kwa mama kulikuwa na heshima na ugomvi pia. Hakuitaka ndoa yangu. Yeye ni mwimbaji wa kwaya, mume wangu ni Mwislamu wa mjini ambaye mkono wake haujui mpini wa jembe. Alikubali kwa sababu mjomba alikubali, basi. Na kwa miaka kumi na moja hakumwita mkwe. Alimwita "yule mutu wako."

Dada yake mama, mama yangu mkubwa, ana wakwe wawili: mmoja muuguzi, mwingine mnunuzi wa dhahabu wa Lusangi aliyemwezekea nyumba kwa mabati. Mama mkubwa hawezi kuchota ndoo moja ya maji bila kusema "mukwe wangu" mara kumi. Mama alikuwa anarudi kutoka mtoni akiwa kimya. Nililitaka neno hilo litoke kinywani mwa mama yangu, nisifiche. Nililitaka kuliko nilivyotaka mabati.

Nilipojifungua mtoto wa tatu mama alikuja Kasongo kumwogesha. Alikaa wiki tatu, na wiki zote tatu mume wangu aliingia nyumbani kwake mwenyewe kwa kukohoa, kama mwizi mwenye adabu. Mama alikuwa jikoni, yeye nyuma ya pazia, na mimi katikati.

"Umuambie yule mutu wako, chumvi imeisha."

"Umuambie mama, nimesikia."

"Amesikia," nilisema. "Wote mumesikia. Hata jirani amesikia."

Siku ya mashindano ikaangukia wiki ya tatu. Nilipanga mama abaki nyumbani. Haikuwezekana.

"Kila mutu anaenda, miye nibaki kulinda kuku?" alisema, na kigoda chake tayari kikwapani.

Tulikaa pembeni mwa uwanja wa mpira, jua la alasiri likituchoma visogo. Jina la mume wangu lilipotajwa, mama aliinuka, akageuza kigoda, akaketi tena, akavuta kikwembe juu ya kichwa. Aliupa uwanja mzima mgongo: jiri, washindani, bafle, mkwe. Mbele yake zilibaki baiskeli zilizoegeshwa na mbuzi aliyefungwa kwenye mti wa goli. Watu walicheka. Hakujali, na ningeweza kuchimba shimo nikaingia.

Wimbo ulianza. Mume wangu alisimama tu, mikono imening'inia, akisubiri. Kisha sebene ikaingia, na lazima niseme kweli hata kama inaniudhi: siku hiyo alikuwa hodari. Hakurukaruka kama vijana. Alipinda kidogo goti moja, akashika kile kitu kisichokuwapo, na vidole vikaanza kukimbia juu yake. Uwanja ukapiga kelele: "Vidole! Vidole!" Miaka yote alikuwa anashika nafasi ya pili au ya tatu. Safari hii jiri walisimama wenyewe. Wakampa zawadi ya kwanza, bafle ndogo ya kuchaji, nyeusi, yenye taa zinazowaka rangi rangi. Alirudi nyumbani ameipakata, na mimi nilibeba mtoto, mfuko na kigoda cha mama.

Jioni hiyo mama alikuwa anamenya karanga. Akasema bila kuinua kichwa:

"Mukwe wangu alianza kupiga gitaa namna ile toka lini?"

Nilikaribia kumwangusha mtoto. Mukwe wangu. Neno lilikuwa limetoka, laini kabisa, kama vile lilikuwa pale siku zote. Nililishikilia hilo moja, na sentensi iliyobaki ikachelewa kunifikia. Ilipofika, nikaelewa. Mama hakuona kitu. Alisikia gitaa, alisikia jina la mkwe wake, alisikia watu mia wakishangilia vidole. Kwao Kabambare gitaa likisikika kuna mtu anayelipiga. Kanisani kwao ni katekista, na analipiga kweli. Sasa mama afikiri nini? Kwamba uwanja mzima unampigia makofi mtu anayejikuna tumbo?

"Toka zamani," nilisema.

"Na nani alimufundisha?"

"Hakuna mutu. Alianza tu yeye mwenyewe."

Akatikisa kichwa kwa mshangao, akaendelea na karanga zake. Ningeweza kusema: mama, mikononi mwake hamna kitu. Ni maneno machache, na kila Jumatatu nawahimiza watoto wa watu waseme kweli. Nikayameza kwa ajili ya neno moja. Kosa ni langu, na katika hasira yote ninayoimwaga hapa sikusudii kulificha.

Mama alirudi kwao. Nilidhani mambo yamekwisha. Miezi miwili baadaye mdogo wangu wa mwisho alitaka kuoa, na mama akanipigia simu. Ili apate mtandao anapanda kichuguu nyuma ya kanisa, na akiwa huko anaongea kwa sauti ya kumfikia mtu wa Kasongo hata simu ikizimika.

"Mukwe wangu akuye na gitaa yake! Nilishaambia watu wote! Kwaya yote inajua! Dada yangu anajua!"

"Mama, sikiliza. Ile gitaa..."

"Eeh?"

"Ile gitaa, mama, iko..."

"Kama iko nzito waifunge muzuri kwa piki!"

Simu ikakata. Nilijaribu tena siku hiyo na kesho yake, haikuingia. Keshokutwa iliingia, na nikamuuliza hali ya mihogo.

Nilimweleza mume wangu. Nilitegemea aone haya, ashike kichwa, aseme twende mapema tukamwambie mjomba ukweli. Alikaa akifikiri, vidole vikigonga goti.

"Wimbo gani?" aliuliza.

"Baba watoto! Unaelewa ninachosema? Wanangoja gitaa. Gitaa yenye kamba. Mkono mtupu haulambwi!"

"Lakini unapigiwa makofi," alisema. "Na mama hatatazama. Ni desturi yenu, si yangu. Nitapiga, bafle itapiga, yeye atasikia. Kuna shida gani?"

Nilikuwa nimeshika mwiko, na Mungu ananijua. Hakuna kinachoudhi kama mtu mwenye upuuzi ambao huna la kuujibu. Niliugeuza usiku na mchana, sikupata tundu. Nikafua nguo za safari.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Hawakuwahi kwenda Kabambare kwa piki. Tulikodi mbili, moja ya mume wangu na mtoto mkubwa, moja yangu na wale wadogo, nikiwa nimebanwa kati ya mgongo wa motari, dereva wetu, na mzigo wa mchele. Mvua ilikuwa imekula barabara. Kwenye madaraja ya miti tulishuka tukavuka kwa miguu. Tulipopumzika Lusangi, motari wa mume wangu, kijana mwenye heshima zake, alimuuliza kama ni kweli yeye ndiye mpiga gitaa anayengojwa kwenye ndoa, maana habari imeshafika mpaka huku.

"Ndiyo," alisema mume wangu.

"Na gitaa iko wapi, mukubwa?"

Mume wangu akamwonyesha mikono yake miwili, kwa fahari, mbele na nyuma. Kijana aliniangalia mimi. Niliangalia mihogo iliyoanikwa kando ya njia.

Mama hakutoka kutupokea, kama inavyotakiwa, lakini mama mkubwa alikuwa kivulini mwa ukuta wake jirani na hapo, uso umefunikwa kidogo, jicho moja nje. Aliona mzigo wote ukishushwa. Mchele. Mfuko wa nguo. Watoto. Bafle. Baada ya kusalimiana aliniita kando.

"Gitaa iko wapi?"

"Iko, mama mukubwa."

"Iko wapi?"

"Iko."

Akacheka taratibu, akanipapasa shavu. "Haya. Kesho tutaona. Dada yangu amesema sana, safari hii. Kesho kila mutu ataona."

Usingizi wangu ulikwisha hapo. Nilijua atakachofanya. Atangoja watu wote wakae, kisha ataonyesha kidole, na mama yangu, aliyepita kwaya nzima akijisifu, atachekwa mpaka afe. Na mume wangu atakuwa tena yule mutu wako, na safari hii ni kwa haki. Yeye mwenyewe alikuwa anakoroma.

Kesho yake, baada ya kanisa na baada ya chakula, watu walijaa uani chini ya kivuli cha matawi ya michikichi. Marafiki wa mdogo wangu walikuwa wamecheza na ile bafle tangu asubuhi. Mjomba, ndugu wa kiume wa mama, alisimama akapiga makofi mawili.

"Sasa mukwe wetu wa Kasongo atapiga gitaa. Wamama wakwe, mugeuke."

Nilikuwa nimesahau. Kwa hofu yangu nilisahau kitu ambacho mtoto mdogo wa kwetu anakijua: mume wangu ni mkwe wa mama, kwa hiyo ni mkwe wa dada zake wote, na wa kila mwanamke wa rika lao aliyenibeba mgongoni. Vigoda kumi na kitu viligeuzwa kwa pamoja. Mama mkubwa naye alikuwa amesahau, au alidhani tumesahau sisi. Alibaki akitazama mbele, peke yake. Mjomba akamwangalia. Watu wakamwangalia. Polepole sana aligeuza kigoda chake, na hata mabega yake yalikuwa na hasira.

Karibu nicheke. Watu waliotakiwa kuona walikuwa wamekaa mstari mmoja, wakitazama ukuta wa jiko.

Wimbo ukaanza, sebene ikaja, mume wangu akafumba macho akashika hewa yake. Vijana walishangaa kidogo, mmoja akamnong'oneza mwenzake, kisha wakaelewa. Wana simu, plebaki wanaijua. Wakaanza kushangilia kwa moyo. "Vidole! Vidole!" Mgongo wa mama ulinyooka kwa fahari. Nami nikapumua, mara ya kwanza tangu Kasongo.

Hapo ndipo bafle ilipotoa mlio mdogo, taa zake zote zikazimika, ikanyamaza.

Hakuna aliyekuwa ameichaji. Mchana kutwa ilipigishwa kelele na hakuna aliyekumbuka kuipeleka kwa mwenye sahani ya umeme wa jua. Vidole vya mume wangu vilicheza nota mbili tatu juu ya kimya, vikasimama. Kuku akapita katikati ya uwanja. Kutoka kwenye mstari wa migongo ikaja sauti ya mama mkubwa, tamu kabisa:

"Eeh? Gitaa imekufa?"

Na shingo yake ikaanza kugeuka. Niliona mikono ya mama ikishika kigoda pande zote mbili, kwa nguvu, kama mtu aliye kwenye piki.

Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira tu. Nilimkasirikia mume wangu, nikaikasirikia bafle, nikamkasirikia mama mkubwa na mabati yake, na zaidi ya wote nilijikasirikia mimi na ulimi wangu wa ile jioni ya karanga. Nilifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa matusi.

Ti-li-ti-li-ling'. Ti-li-ti-li-ling'.

Nilianza palepale ilipokatikia. Mimi, mwalimu, mtoto mgongoni, kitambaa cha harusi kichwani. Sikukosea nota moja, na ningekoseaje? Nilikuwa nimezila na kila ugali tangu niolewe. Zilitoka zote, zile za asubuhi, zile za dukani, zile za kitanda cha hospitali. Mume wangu alifumbua macho, akaniangalia. Miaka kumi na moja hajawahi kuniangalia hivyo, wala siku ya ndoa. Kisha mikono yake ikainuka tena, ikafuata sauti yangu. Nilikimbiza ili kumwadhibu, akakimbia. Nilipunguza ghafla, akapunguza. Hakuna kidole kilichochelewa. Wasichana wa kwaya wakaingia na besi, vinywa vimefumbwa, mvulana akagonga chupa kwa kijiko, na uani kote watu wakasimama kucheza. Shingo ya mama mkubwa ilirudi ilikotoka. Gitaa lilikuwa linapiga, na mama mkwe hageuki gitaa likiwa linapiga.

Nilimaliza koo limekauka. Nililia kidogo nyuma ya choo, kwa uchovu na aibu, nikarudi kugawa wali.

Jioni yote mama hakusema neno juu ya jambo hilo. Alihesabu sahani, alisaidia kumvisha bibi harusi kikwembe kingine, aliwaambia watoto wasikanyage mihogo. Mimi namjua. Mama akinyamaza, anapima. Nilingoja kusikia atamwitaje mume wangu, na hakumwita kwa jina lolote. Hata chakula chake alikituma kwa kunisogezea sahani kwa kidole.

Asubuhi motari walikuja mapema. Mume wangu alisimama upande wa barabara akifunga mizigo. Mama alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, pale anapopaswa kusimama, na mimi nikawa katikati, mahali pangu. Alinipa kuku aliyefungwa miguu na kifurushi cha karanga. Alitengeneza kikwembe cha mtoto mgongoni mwangu, ingawa kilikuwa kimekaa vizuri. Kisha akasema, kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta:

"Umuambie mukwe wangu, safari ingine aache ile sanduku ya makelele kwake. Umuambie gitaa niliisikia Kasongo, na jana niliisikia tena, inapiga muzuri. Lakini ile iliyomaliza wimbo asijisifu nayo. Ile ninaijua sauti yake. Ile niliizaa miye."